Miezi 10, dakika 40 kwa siku: je, nitakiweza Kifaransa?

Swali

Shikamoo, Mwalimu. Nina miaka 41, ni mhasibu na mama wa watoto wawili. Kampuni yetu imenunuliwa na kampuni nyingine ambayo vikao vyake vya fedha huendeshwa kwa Kifaransa, na nimeambiwa kwamba baada ya miezi 10 nitaanza kuhudhuria. Sijui Kifaransa. Nimejaribu mara mbili kwa programu ya simu. Mara ya pili nilifikisha siku 90 mfululizo bila kuruka hata moja, kisha nikakutana na mtu anayekizungumza na sikuweza kumwambia hata ninafanya kazi gani. Watoto wakishalala nabaki na dakika 40 ambazo akili bado inafanya kazi, si zaidi. Kwenda na kurudi kazini hunichukua kama saa moja. Je, umri umenipita? Kuna njia ya haraka ya kweli, au wanaotangaza lugha kwa miezi mitatu wanatudanganya?

Jibu

Marahaba, mama. Nianze na zile siku 90, maana naona ndizo zilizokuumiza zaidi. Hukukwama kwa uvivu wala kwa kukosa kipaji. Programu ilikuwa inakuonyesha sentensi na kukuwekea maneno ya kuchagua, nawe ukawa hodari wa kuchagua. Lakini kulitambua neno lililo mbele ya macho yako ni kazi moja, na kulitoa kichwani wakati mtu anakutazama akisubiri jibu ni kazi nyingine. Ulijizoeza ile ya kwanza kwa miezi mitatu, ukaja kupimwa kwa ya pili. Katika miaka 20 na zaidi niliyofundisha watu wazima, hili ndilo kosa nililolirekebisha mara nyingi kuliko jingine lolote. Likisharekebishwa, mtu hushangaa kuona alikuwa na mengi kichwani, ila hayakuwa na mlango wa kutokea.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani ilianzishwa 1947, na makadirio yake ni kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kati ya saa 600 na 750 za darasani ili aweze kufanya kazi rasmi kwa Kifaransa. Kiswahili wamekikadiria saa 900, na Kiarabu na Kichina saa 2,200. Tena hao ni watu wanaolipwa mshahara kusoma, kutwa nzima, na jioni wana kazi ya nyumbani. Wewe una dakika 40 kwa siku. Kwa siku 300, hizo ni saa 200. Ongeza saa moja ya njiani kwa siku za kazi, tuseme siku 210, unapata saa 410.

Kwa hiyo anayekuahidi lugha nzima kwa miezi mitatu, dakika chache kwa siku, ndiyo, anakudanganya. Saa 410 hazitoshi kwa Kifaransa. Lakini zinatosha kwa Kifaransa cha mhasibu anayeingia kwenye kikao cha fedha, na hicho ndicho ulichoombwa. Mtu mwenye shughuli nyingi hapati kasi kwa kujibana ili apate muda zaidi, maana muda wenyewe haupo. Anaipata kwa kupunguza eneo. Ndani ya Kifaransa kikubwa kuna Kifaransa chako kidogo, na kazi ya wiki ya kwanza ni kukichorea mipaka.

Fanya hivi. Omba kumbukumbu za vikao vitano au sita vilivyopita, pamoja na taarifa za fedha zilizojadiliwa humo. Usijaribu kuzisoma. Pita na kalamu ukiweka alama kwenye maneno yanayojirudia. Utaona *facture*, ankara. Utaona *bilan*, mizania, *bénéfice*, faida, *perte*, hasara, *charges*, gharama za uendeshaji, *échéance*, tarehe ambayo deni linapaswa kulipwa, na *exercice*, ambalo shuleni ni zoezi lakini kwenye vikao hivyo ni mwaka wa fedha. Ukimaliza kurasa 30 utakuwa na orodha ya maneno kama 200 ambayo hakuna kitabu cha wanaoanza kingekufundisha kabla ya mwaka wa pili.

Pembeni ya hayo weka maneno ya kawaida kabisa, yale yanayobeba kila mazungumzo. Mtaalamu wa msamiati Paul Nation aliipima lugha ya Kiingereza akaona kwamba maneno 1,000 yanayotumika sana, kila moja na jamaa zake, yanafunika zaidi ya asilimia 80 ya mazungumzo. Lugha nyingine nazo zina tabia hiyo: maneno machache hufanya kazi nyingi. Watu wengi wakiisikia takwimu hii huharakisha kukariri orodha ya maneno 1,000 na kuishia hapo. Mimi huwazuia. Asilimia 80 maana yake ni kwamba katika kila maneno matano moja hulijui, na mara nyingi hilo moja ndilo lenye habari yenyewe. "Tumeshindwa kulipa … kwa sababu … imechelewa." Umeelewa karibu yote, na hujaelewa kitu. Ndiyo maana nakutaka ushike vyote viwili kwa pamoja, maneno ya kila mtu na maneno ya kazi yako. Hapo una faida ambayo kijana wa chuo hana: jambo lenyewe unalijua. Msemaji akitaja wadaiwa, robo ya tatu na mkopo wa benki, utakuwa unakisia anakoelekea hata kabla hajafika, kwa sababu umekaa kwenye vikao vya aina hiyo maisha yako yote ya kazi.

Kabla sijaingia kwenye ratiba, niseme juu ya namba, kwa sababu kwako namba ndizo kikao chenyewe, na Kifaransa kina namna yake ya kuzitaja. Mpaka 69 mambo ni mepesi. 70 ni *soixante-dix*, yaani sitini-kumi. 80 ni *quatre-vingts*, nne-ishirini. 97 ni *quatre-vingt-dix-sept*, nne-ishirini-kumi-saba, na msemaji hulitamka hilo kwa pumzi moja. (Wabelgiji na Waswisi wanasema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90. Ukikutana nao utashukuru.) Kisha kuna mtego ambao kwa mhasibu ni wa hatari kweli: bilioni yetu, yaani milioni elfu moja, kwao ni *milliard*. Wanaposema *billion* wanamaanisha milioni milioni, mara 1,000 zaidi. Na kwenye maandishi mkato wao hutenga desimali, si maelfu: 1 250,75 ni elfu moja mia mbili hamsini na senti sabini na tano. Wafundishaji wengi hupitia namba kwa somo moja wakaendelea. Wewe zifanyie mwezi mzima, na usizitafutie muda wa pekee. Kila tarakimu inayopita mezani kwako kazini, isome kimoyomoyo kwa Kifaransa. Jioni, acha simu ikusomee namba 20 nawe uziandike. Siku utakayopata zote 20 bila kuomba zirudiwe, kikao kitakuwa kimeshuka nusu ya ugumu wake.

Sasa zile dakika 40. Usiziweke zote mahali pamoja. Chukua 10 asubuhi kabla nyumba haijachangamka, 25 jioni, na tano za mwisho ukiwa kitandani.

Kumi za asubuhi ni za kadi, zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, theluthi mbili. Baada ya mwezi, karibu sehemu nne kwa tano. Umewahi kuuona mchoro huo kwenye vitabu vyako mwenyewe: ni kama uchakavu wa mali ambayo thamani yake huporomoka mwanzoni, kisha hushuka polepole. Kutoka hapo tunajua mambo mawili. Marudio ya kwanza yanatakiwa yafanyike mapema, siku hiyo hiyo au kesho yake. Na kila neno likirudiwa kwa kufaulu linaweza kusubiri zaidi kabla ya kurudiwa tena: siku mbili, kisha tano, kisha wiki mbili, kisha mwezi. Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 jinsi ya kuendesha jambo hili kwa sanduku lenye vyumba. Kadi uliyoijibu sawa inasogea chumba cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, uliyoikosea inarudi chumba cha kwanza. Siku hizi programu kama Anki hukupangia kila kadi siku yake, na hiyo inatosha. Usipakue tano. Mshika mawili moja humponyoka.

Kadi zenyewe zitengeneze wewe. Mbele iwe Kiswahili na nyuma Kifaransa, ili ulazimike kukitoa Kifaransa kinywani, tena kwa sauti, kabla ya kugeuza. Usiandike neno pekee. Andika kipande cha sentensi unachoweza kukisema kazini: si "ankara", bali "ankara hii haijalipwa", *cette facture n'est pas payée*. Kadi mpya nane kwa siku zinatosha. Najua utajaribiwa kuweka 30 wiki ya kwanza kwa sababu utakuwa na moto. Kila kadi mpya ni deni la marudio ya siku zijazo, na baada ya wiki tatu utajikuta na kadi 200 zinazokungoja asubuhi moja, ukate tamaa. Nane kwa siku, siku 250, ni vipande 2,000. Mtu mwenye vipande 2,000 anavyoweza kuvitamka bila kufikiri huwa tayari anazungumza.

Usiwe na huruma na nafsi yako kwenye hatua ya kukumbuka. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena, wengine walivisoma kisha wakajaribu kuvikumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Kwa hiyo ile hisia ya "limo mdomoni ila halitoki", inayokufanya utake kugeuza kadi haraka, isubirie sekunde kumi. Hapo ndipo neno linapoingia.

Saa ya njiani ni ya masikio, na nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu watu wazima huipoteza kuliko muda wowote. Wanaweka redio ya Kifaransa, sauti inapita kama mvua juu ya bati, wanafika kazini wakidhani wamesoma. Usichokielewa kabisa hakikufundishi. Tafuta rekodi fupi, dakika mbili au tatu, yenye maandishi yake yote, na hiyo hiyo moja ndiyo iwe ya wiki nzima. Jumatatu isikilize mara kadhaa bila maandishi ukijaribu kushika unachoweza. Jioni yasome maandishi, tafuta maneno usiyoyajua, elewa kila kitu. Jumanne isikilize tena, na sasa utasikia mipaka ya maneno ambayo jana ilikuwa ukungu. Kuanzia Jumatano anza kuifuata: msemaji anasema, nawe unasema naye kwa sauti ya chini, nusu sekunde nyuma yake, ukiiga kupanda na kushuka kwa sauti yake. Kama uko kati ya watu, midomo ikitikisika bila sauti inatosha. Ijumaa utaijua kama wimbo, na vipande vyake vitakuja vyenyewe ukihitaji kuzungumza.

Njia hii si mpya. Katika miaka ya 1840 kijana mmoja Mjerumani, Heinrich Schliemann, yule aliyekuja kujulikana kwa kuchimbua magofu ya Troy, alikuwa karani wa kutumwatumwa huko Amsterdam. Alitumia nusu ya mshahara wake kujifunza lugha. Anasimulia kwamba hakutumwa popote, hata kwenye mvua, bila kitabu mkononi, na kwamba alisoma akiwa amesimama kwenye foleni ya posta. Kila Jumapili alikwenda mara mbili katika kanisa la Waingereza na kurudia kimyakimya kila neno la mhubiri. Alisoma sana kwa sauti, akaandika insha ndogo juu ya mambo aliyoyapenda, akazirekebisha kwa mwalimu, akazikariri, na siku ya pili akamsomea mwalimu kwa kichwa. Alipofika kwenye Kirusi alikosa mwalimu, basi akamlipa mzee mmoja aje kila jioni kwa saa mbili kumsikiliza tu, ingawa mzee huyo hakuelewa hata silabi moja. Schliemann alidai kila lugha ilimchukua miezi michache, na wanahistoria wamemkuta akitia chumvi katika mambo mengi ya maisha yake, kwa hiyo idadi ya miezi usiichukue kama ilivyo. Utaratibu wake ndio wa kuchukua. Karani asiye na muda aliusaka kwenye foleni na barabarani, na alitafuta sikio la binadamu hata pale ambapo halikuweza kumsahihisha.

Katika kuiga sauti, kuna mahali ambapo sisi wa Kiswahili tunapaswa kuwa macho. Lugha yetu ina irabu tano, safi na zilizo wazi. Kifaransa kina zaidi ya kumi. Sikio letu hupenda kuzikusanya nyingine zote ndani ya tano tulizonazo. *Tout*, yote, lina "u" yetu. *Tu*, wewe, lina sauti ambayo hatuna: tamka "i" ukiwa umechongoa midomo kama unapuliza mshumaa. *Vin*, *vent* na *vont* kwetu husikika kama neno moja lililotamkwa vibaya mara tatu, kumbe ni divai, upepo na "wanakwenda". Tumia wiki mbili za mwanzo kwenye sauti hizi kabla msamiati haujawa mwingi, maana neno lililokaririwa kwa sauti mbovu lina gharama ya kuling'oa baadaye. Na kumbuka kwamba konsonanti nyingi za mwisho zinaandikwa lakini hazitamkwi. Ndiyo sababu nasisitiza kila kadi iwe na sauti, na usijifunze neno kwa macho peke yake.

Dakika 25 za jioni ni za kutoa. Wapo wanaoamini kwamba ukisikiliza na kusoma vya kutosha, kusema kutakuja kwenyewe. Kuna ukweli mwingi ndani yake, lakini haujakamilika. Miaka ya 1980 mtafiti Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliokuwa wamesomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Walikielewa karibu sawa na wenyeji, lakini walipokisema na kukiandika makosa ya sarufi yalibaki mengi, na maelezo yake yalikuwa kwamba hawakuwa wakisukumwa vya kutosha kuitoa lugha hiyo kwa usahihi. Kwa mtu mwenye miezi 10, onyo hilo ni la kushikwa.

Siku tatu za wiki, jirekodi kwenye simu kwa dakika mbili ukieleza ulichofanya kazini siku hiyo. Utakwama. Pale ulipokwama andika kwa Kiswahili ulichotaka kusema, tafuta namna yake, kisha jirekodi upya. Palipokukwamisha ndipo panapozaa kadi za kesho. Siku mbili nyingine, dakika hizo 25 ziwe na mwalimu au mzungumzaji yeyote mvumilivu, kwa simu au ana kwa ana. Mpe masharti tangu mwanzo, bila aibu, kwa sababu fedha ni yako na muda ni wako: mimi ndiye nitakayesema zaidi, usinifundishe sarufi kwa nadharia, nisahihishe mambo mawili tu kila kipindi, lakini hayo mawili nishike nayo mpaka niyaseme sawa, na mwisho uniandikie sentensi zangu tano zilizokuwa na kosa. Mwalimu atakayekataa masharti hayo anaweza kuwa mwalimu mzuri wa mtu mwingine.

Swali la sarufi gani, watu hulikuza kuliko linavyostahili. Kwa vikao unahitaji wakati uliopo, wakati uliopita unaoundwa kwa *avoir* au *être* (*nous avons payé*, tumelipa), na wakati ujao mwepesi wa *aller* (*nous allons payer*, tutalipa). Kwa hizo tatu utaeleza robo nzima ya mwaka. Nyakati za kifasihi ziache. Kwa adabu kariri vipande kama vilivyo, *je voudrais* na *pourriez-vous*, bila kuuliza kwa nini vimeundwa hivyo. Na tumia *vous* kwa kila mtu mpaka uambiwe vinginevyo. Sisi heshima tunaiweka kwenye majina ya kuitana, wao wanaiweka ndani ya kitenzi.

Jinsia za nomino, ambazo huwaliza wanafunzi wengi wa Kifaransa, hazipaswi kukutisha. Umekua ukisema kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri, miti mizuri, bila kufikiri. Kichwa chako kimezoea kwamba nomino inatawala sentensi na wengine wote wanaifuata. Wao wana makundi mawili tu. Kinachotakiwa ni usilikariri neno bila *le* au *la* yake, kama vile kwetu usivyoweza kulijua neno bila kujua ngeli yake. *La facture*, *le bilan*, kitu kimoja kisichotenganishwa.

Zile tano za kitandani zipitishe kwenye kadi ulizozikosea asubuhi, basi, kisha lala. Tangu 1924, Jenkins na Dallenbach walipoonyesha kwamba mtu akilala baada ya kukariri husahau kidogo kuliko akikaa macho kwa muda ule ule, utafiti umeendelea kuthibitisha kwamba usingizi unafanya kazi juu ya kumbukumbu. Kwa hiyo usije ukaamka saa kumi usiku ili uongeze saa ya masomo. Utakuwa umeiba kutoka mfuko huu ukaweka mfuko ule, na katikati umepoteza.

Kuhusu umri. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa karibu watu 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti, na ulionyesha kwamba uwezo wa kuimeza sarufi hudumu mpaka kama miaka 17, kisha hupungua. Habari hiyo ilisambazwa kana kwamba mlango umefungwa. Lakini uchunguzi ulihusu zaidi nani anafikia kiwango cha mwenyeji, na wewe hukuombwa uwe Mfaransa. Kwa mwendo wa mwanzo hali ni tofauti. Utafiti wa 1978 nchini Uholanzi, uliofuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia huko, ulikuta kwamba katika miezi ya kwanza vijana na watu wazima walikwenda haraka kuliko watoto wadogo. Mtoto hushinda kwa sababu ana miaka mingi na hana aibu. Lafudhi yako huenda ikabaki maisha yote, nami sioni sababu ya kuisikitikia maadamu unaeleweka. Kinachowakwamisha watu wa umri wako, kwa nilivyoona, ni kwamba wamezoea kuonekana wajuzi. Mhasibu wa miaka 18 kazini anapata taabu kutamka sentensi ya mtoto wa miaka minne mbele ya mtu. Hiyo itakuuma wiki sita za kwanza. Najua, na ningeiondoa kama ningeweza.

Zitakuja pia wiki ambazo mtoto anaumwa au hesabu za mwisho wa mwaka zimekubana. Wiki hizo punguza mpaka dakika tano za kadi za zamani, bila kadi mpya, bila kujirekodi, lakini usifikie sifuri. Ukirudi usijaribu kulipa dakika zilizopotea. Endelea pale ulipo.

Usisubiri mwezi wa 10 ndipo uingie kwenye kikao. Mwezi wa tatu omba kuhudhuria kimoja kama msikilizaji tu, ukiwa na karatasi, na kazi yako iwe kuandika kila namba utakayoisikia, kisha linganisha na kumbukumbu rasmi. Mwezi wa tano hudhuria tena, na safari hii useme sentensi moja uliyoiandaa nyumbani na kuitamka mara 50. Nakupendekezea hii, kwa sababu itakufaa katika kila kikao utakachokaa: *Si j'ai bien compris, le montant est de…* "Kama nimeelewa vizuri, kiasi ni…" Ni swali la kawaida kabisa kwa mhasibu, hakuna atakayeshangaa ukiliuliza, na linamlazimisha msemaji kurudia tarakimu taratibu. Iandike kwenye kadi yako ya kwanza leo usiku.